Fataki na kifa: historia ya kikopo cha shaba katika bunduki ya kushindilia

Historia ya silaha za moto katika Afrika ya Kati imezoea kuandikwa kwa hesabu kubwa kubwa. Huhesabiwa bunduki zilizoteremshwa Unguja, mapipa ya baruti yaliyopanda na misafara hadi Ujiji na Nyangwe, na pembe za ndovu zilizorudi pwani kulipia vyote hivyo. Ni mara chache kuulizwa jambo lililo dogo lakini lililo la kwanza: bunduki hiyo, ikisha kushindiliwa, ililiaje? Kwa muda mrefu wa karne ya 19 jibu lilikuwa kikopo cha shaba, kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho Kiswahili hukiita fataki. Fataki ikikaa barabara juu ya chuchu yake, bunduki hulia. Isipokaa, mwenye bunduki amebeba fimbo ya chuma iliyo nzito bure. Katika kukaa huko na kutokaa imo sehemu ya historia ya mashariki na kusini mwa Kongo ambayo hesabu za mapipa haziionyeshi.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwani yameuhifadhi mfuatano wa mambo kuliko hati nyingi. Wasemaji wa pwani hawakuzitaja bunduki kwa viwanda wala kwa mafundi waliozitengeneza tu. Walizitaja kwa kile kilichoziwasha. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi wenye moto. Bunduki ya gumegume ilipiga cheche kwa jiwe. Ikafuata bunduki ya fataki, na baada yake ile ya viasi, ambayo risasi, baruti na kiwashio vimefungwa pamoja katika ganda moja na kutiwa kwa nyuma. Gobori ni jina linaloenea zaidi, la bunduki kuukuu yoyote ya kushindiliwa mdomoni kwa mdeki. Aliyeyajua majina hayo manne, toka mrao hadi viasi, amekwisha kujua ngazi nne za ufundi huo, tena kwa taratibu zake.

Asili ya msamiati huo nayo ina habari. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyopitia Kiarabu. Fataki linafanana mno na neno la Kihindi phataka, jina la baruti za sherehe, wala si ajabu, maana wafanyabiashara Wahindi walikuwa na mkono mkubwa katika biashara ya Unguja. Lakini sehemu zilizoguswa kila siku na kidole cha mwindaji zilipata majina ya nyumbani. Mtambo, yaani chombo cha chuma kinachokazwa na kufyatuka, ni neno lile lile la ufito uliopindwa wa mtego: mtegaji wa kanga aliyeona bunduki kwa mara ya kwanza alikitambua kilichomo ndani yake. Kifa nacho, katika kamusi za zamani za pwani, chatajwa kwa maana mbili, kibakuli cha baruti ya kuwashia katika bunduki ya kale, na chuchu ya chuma inayovikwa fataki. Yaelekea jina lilihama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Umbo lilibadilika, kazi ikabaki ile ile, mahali moto unapoanzia.

Fataki yenyewe chimbuko lake ni uwindaji wa ndege. Mwanzoni mwa karne ya 19, Alexander John Forsyth, mchungaji wa parokia ya Belhelvie katika Aberdeenshire, Scotland, alikuwa mpenzi wa kuwinda ndege wa majini. Bunduki ya gumegume ilimkera kwa sababu moja: baruti ya kifa iliwaka kwanza, ikatoa mwako na moshi, na baada ya kitambo ndipo mlio wenyewe ulipofuata. Kitambo hicho, kifupi kama kupepesa jicho, kilimtosha bata kupiga mbizi. Forsyth akageukia kemikali zinazolipuka kwa kugongwa tu, bila cheche. Edward Howard alikuwa amekwisha kueleza habari za fulminati ya zebaki mwaka 1800. Tarehe 11 Aprili 1807 Forsyth alipata hataza ya mtambo wake, ambao ndani yake nyundo iligonga unga wa namna hiyo, na moto ukaingia mara moja katika kasiba kupitia tundu.

Unga mtupu, hata hivyo, ni vigumu kuutunza. Mafundi wakajaribu vidonge, vijibomba vyembamba vya shaba na vipande vya karatasi, mpaka wakafikia kikopo chenye unga katika kitako chake. Nani aliyekuwa wa kwanza? Wenye kudai walikuwa wengi, na ubishi wao haukwisha hata walipokufa. Anayetajwa zaidi ni Joshua Shaw, mchoraji mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Philadelphia, aliyepewa hataza Marekani mwaka 1822. Mwaka 1825 Louis Sellier alianza kutengeneza fataki mjini Prague, na miji mingine ya Ulaya ikashika kazi hiyo hiyo.

Majeshi yalichelewa, kama kawaida ya majeshi yenye ghala zilizojaa. Jaribio lililofanywa Woolwich, Uingereza, mwaka 1834 ndilo lililokata shauri. Kila namna ya bunduki ilipigwa mara 6,000. Zile za gumegume zilikataa kulia mara 922, yaani kama mara moja katika kila sita au saba. Zile za fataki zilikataa mara 36 tu, yaani mara moja katika 166. Miaka saba baadaye mvua ilitoa ushahidi wake. Mwezi wa Mei 1841, karibu na Canton katika nchi ya China, kundi la askari Wahindi wa jeshi la Uingereza lilizingirwa wakati wa mvua kubwa. Bunduki zao za gumegume hazikulia hata moja ya kufaa, nao wakaokolewa na askari wa majini waliotumwa kuwatafuta wakiwa na bunduki za fataki.

Lakini tarakimu za Woolwich zadanganya kidogo mtu asiyeangalia. Bunduki za jeshi zilipewa fataki za kipimo chake. Mwindaji anayenunua fataki dukani, au anayepewa na msafiri, hana hakika hiyo, na hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Kifa ni chuma kidogo kilichokazwa kwa hesi nyuma ya kasiba, kimechongoka kidogo kuelekea juu, kina tundu jembamba linaloteremka hadi kwenye baruti. Fataki huvikwa juu yake kama kofia juu ya kichwa. Ili ilie kwa pigo la kwanza, yapasa kitako chake, ambamo unga umegandishwa, kiguse kabisa ncha ya kifa, na kuta zake zishike pande zote bila kupasuka. Tofauti inayotosha kuharibu mambo ni ndogo kuliko unene wa ukucha.

Fataki ikiwa ndogo, haifiki chini. Hukaa juu juu, na kati ya unga na ncha ya kifa hubaki nafasi. Nyundo inaposhuka, nguvu yake yote hutumika kuisukuma fataki mahali pake, hakuna mlio. Mwindaji hukaza mtambo mara ya pili, na sasa fataki hulia. Kwa kanga aliyekwisha kuruka haina faida tena. Kwa nyati aliyejeruhiwa huenda ikawa hasara ya uhai. Tena ndipo hatari ya pili inapozaliwa, kwani mtu aliyechoshwa na fataki ngumu hushawishika kuigongomea kwa kipini cha kisu. Unga ule umetengenezwa ili ulipuke kwa kugongwa, nao hautofautishi nyundo ya bunduki na kipini cha kisu.

Fataki ikiwa kubwa, balaa ni ya namna nyingine. Hukaa kwa uzito wake tu. Mwindaji anapopita chini ya matawi, anapoinamisha bunduki, anapokimbia hatua kumi, fataki huanguka majanini bila sauti, naye hana habari. Atajua atakapovuta kifyatulio na kusikia chuma kikigonga chuma. Zaidi ya hayo, fataki iliyolegea huacha mwanya ambao unyevu wa asubuhi huupita mpaka kwenye unga, na hata baruti ya ndani ya kasiba hupata umande.

Bunduki ya marisaa yenye kasiba mbili huionyesha kasoro hiyo wazi kuliko zote. Kasiba ya kuume inapolia, kitako hurudi begani kwa kishindo, na kishindo hicho huirusha fataki iliyolegea katika kifa cha kushoto. Mwindaji aliyejihesabia milio miwili ana mmoja tu. Tena bunduki hizo zina vifa viwili ambavyo, vikichakaa kwa namna tofauti, havikubali fataki za mkebe mmoja: kimoja huzikamata, cha pili huzitema.

Dawa za wawindaji zilikuwa nyingi. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuibana fataki kidogo kati ya vidole, mdomo wake uwe na umbo la yai, ipate kung'ang'ania. Hiyo hufaa kwa siku moja, ila shaba iliyobanwa sana hukunjamana na kuzuia fataki isifike chini, na hivyo tiba ya ugonjwa mmoja huwa chanzo cha mwingine. Wengine walipaka nta kuzunguka mdomo wa fataki. Nta huzuia maji vizuri. Lakini ikiingia katika tundu la kifa huzuia na moto pia. Fundi wa kweli huiacha fataki na kukitazama kifa. Mara nyingi ataona kwamba ncha yake imetawanyika kama kichwa cha uyoga, kwa sababu mwenyewe, au watoto wake, wamezoea kuiangusha nyundo bila fataki kwa mchezo. Kifa cha namna hiyo hakiwezi kuvishwa kofia. Bunduki ikiwa tupu kabisa, fundi hukiondoa, hukizungusha polepole huku akikipitisha tupa laini au jiwe la kunolea pande zote sawasawa, hujaribu fataki, hupunguza tena chembe, hujaribu tena. Akizidisha, hawezi kurudisha chuma alichokwisha kukiondoa. Kitalegea, na hakuna njia ila kukibadilisha. Kifa kipya ni bei ndogo kwa mtu aliye karibu na duka la vifaa vya bunduki. Kwa mtu wa bonde la Lufira au la Lualaba mwaka 1885, duka hilo lilikuwa mwendo wa miezi mingi.

Hapa yapasa kutazama bunduki zilizofika bara. Majeshi ya Ulaya yalipochukua bunduki za viasi, Uingereza ikianza na Snider mwaka 1866 na Ubelgiji na Albini mwaka 1867, ghala zilijaa bunduki za fataki zisizotakiwa tena. Liège na Birmingham ziliongeza nyingine zilizotengenezwa kwa bei rahisi, na nyingine zilikuwa za gumegume zilizogeuzwa kwa kukazwa kifa mahali pa tundu la zamani. Bunduki za jeshi zilikuwa na vifa vinene, vyenye kuhitaji fataki kubwa zilizo na ukingo kama kofia ya kizungu, wakati bunduki za uwindaji zilitaka fataki ndogo. Zote zilipita njia moja. Mwaka 1888 Euan-Smith, konseli mkuu wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Hata tukisema alitia chumvi, mchanganyiko wa namna hiyo haukuweza kupata fataki za kipimo kimoja. Msafara uliobeba fataki za jeshi kwa watu wenye bunduki za uwindaji ulikuwa umebeba shaba tupu.

Jambo zito zaidi ni utegemezi. Bunduki ya gumegume, kwa ubovu wake wote, iliweza kuishi mbali na pwani. Jiwe la kupiga cheche ni jiwe. Baruti, ijapokuwa hafifu, imewahi kutengenezwa katika sehemu mbalimbali za Afrika kwa shura, kiberiti na makaa. Risasi ikikosekana, kipande cha chuma cha mhunzi hujaza nafasi yake. Fataki haina badala ya namna hiyo. Kikopo chake huenda mhunzi hodari angekiiga. Unga wake wataka zebaki, tindikali na mikono iliyofundishwa, na wengi wa hao waliofundishwa walipoteza vidole. Kwa hiyo aliyehama kutoka gumegume hadi fataki alipata bunduki inayolia hata kukiwa na manyunyu, akajifunga kwa kamba ndefu iliyoishia kwenye kiwanda cha Ulaya.

Ufalme wa Msiri katika Garenganze waonyesha kinyume hicho kwa namna ya pekee. Nchi ile, ambayo toka 1971 hadi 1997 iliitwa rasmi Shaba, ilikuwa na shaba nyingi kupita mahitaji yake. Misalaba ya shaba ilisafiri mbali kama fedha, na mafundi wa Wayeke walijua kuivuta shaba hadi ikawa waya mwembamba kama uzi. Hata hivyo Bunkeya ililazimika kuagiza vikopo vya shaba kutoka ng'ambo, kupitia pwani zote mbili, ile ya Benguela na ile ya Unguja, na kuvilipia kwa pembe, kwa shaba yenyewe na kwa watu. Ukosefu wa baruti ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomdhoofisha Msiri alipokabiliwa na maasi ya Wasanga. Msafara wa Stairs ulipowasili Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891 ukiwa na bunduki za viasi, tofauti ya silaha ilikuwa imekwisha kuamua mengi. Msiri aliuawa tarehe 20 ya mwezi huo huo.

Mwaka uliofuata mvua ilirudi katika habari hizi. Katika vita vya Dola Huru la Kongo na Waarabu-Waswahili, Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuvuka mto Lomami. Sidney Hinde, daktari aliyefuatana na majeshi ya Dola, ameeleza jinsi mvua kubwa ya mwezi wa Novemba 1892 ilivyowanyima watu wa Sefu matumizi ya magobori yao, wakati adui alipowashambulia kwa bunduki za viasi. Fataki ambayo mwaka 1841 ilikuwa imeishinda mvua ya Canton ilishindwa na mvua ya Lomami. Sayansi haikubadilika. Fataki iliyokaa vizuri juu ya kifa safi huvumilia manyunyu. Iliyolegea juu ya kifa kilichochakaa, na baruti iliyomiminwa kwa haraka mdomoni huku mvua ikinyesha, hazivumilii. Ganda la kiasi limefunga vyote pamoja, wala halimwulizi askari kama kifa chake kimechongwa sawa.

Mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kulielewa jambo hilo kisheria. Hati ya Bruseli ya tarehe 2 Julai 1890, iliyotungwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ilizuia kuingizwa kwa silaha za moto katika eneo lote la Afrika lililo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Ikaacha mlango mdogo: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, zingeweza kuuzwa. Bunduki ya fataki haikutajwa katika ruhusa hiyo. Waandishi wa hati walichora mpaka wao mahali hasa ambapo kifa kilibadilika maana, kati ya kibakuli na chuchu. Mwafrika aliachiwa ile bunduki ambayo Woolwich iliihesabia makosa 922.

Bunduki ya fataki, iliyonyimwa wenyeji kwa jumla, ilionekana mikononi mwa wengine. Roger Casement alipozunguka sehemu za juu za mto Kongo mwaka 1903, aliwakuta walinzi wa makampuni ya mpira wakiwa na bunduki za namna hiyo, huku Albini zikiwa za askari wa serikali. Ngazi za msamiati zikawa ngazi za mamlaka: viasi kwa askari, fataki kwa kapita, na kwa mwanakijiji gumegume au uta. Kwa mwenye kutawala, fataki ilikuwa na wema wa ziada. Baruti hupimwa kwa makisio na risasi hubadilishwa kwa chuma, lakini fataki moja ni mlio mmoja, nayo huhesabika kama sarafu.

Katika Kongo ya Wabelgiji bunduki hiyo ilishuka ngazi, ikawa silaha ya mwindaji wa kijijini mwenye kibali, kwa jina la Kifaransa fusil à piston. Wahunzi nao wakaiiga, wakitumia mabomba ya chuma kuwa kasiba na kuchonga vifa kwa tupa. Wahunzi hao hawana kipimo cha pamoja. Kila kifa huchongwa kulingana na fataki zilizopatikana mwezi ule, au kulingana na kiwashio kingine kinachowekwa badala yake fataki zinapokosekana, hata vichwa vya njiti za kiberiti. Ndiyo maana mwindaji anayemwazima jirani yake fataki tatu hulazimika kumwuliza kwanza ni nani aliyemchongea kifa.

Kwa kijana wa mjini fataki zimebaki kuwa baruti za sherehe, zile zinazolia usiku wa mwaka mpya. Neno limerudi karibu na maana ya lile la Kihindi. Kifa halina bahati hiyo. Wengi wanaoshika bunduki ya kushindilia hukiita pistoni, na jina la pwani, ambalo liliwahi kuvuka kutoka jiwe hadi fataki bila kupotea, limebaki katika kamusi.